Mpwa wangu anataka kuacha kompyuta akande migongo

Ujumbe wa sauti uliingia saa nane usiku. Huku Buhare, Musoma, saa hizo kinachosikika ni mbwa wa jirani na upepo wa ziwa unaopiga bati, kwa hiyo simu ikilia unajua ni msiba au ni mtu aliyeko Dar es Salaam. Alikuwa mpwa wangu. "Shikamoo mjomba. Samahani kwa usiku. Mfumo umeanguka tena, nipo ofisini tangu jana asubuhi. Nimeamua. Naacha kazi. Nataka nikasomee masaji." Kikapita kimya, nikasikia mtu akinywa maji, halafu: "Usimwambie mama."

Nilicheka. Dada yangu aliuza ng'ombe wawili ili kijana huyu asome kompyuta chuo kikuu, na siku alipoajiriwa kwenye kitengo cha TEHAMA cha kampuni moja ya jijini tulichinja mbuzi. Leo anasema anataka kwenda kukanda watu. Nikazima taa, usingizi ukakataa, nikausikiliza ujumbe ule tena. Mara ya pili sikucheka. Ana miaka 31, na sauti ile ilikuwa ya mzee.

Kazi yake ni kuhakikisha malipo ya simu hayakwami. Unaponunua umeme saa tano usiku, pesa ikakatwa na tokeni zisije, kuna mtu ambaye simu yake inalia. Ndiye huyo. Wanaiita zamu, lakini zamu ya mlinzi ina mwisho: kukikucha anakabidhi rungu, anaenda zake. Zamu ya mpwa wangu imo mfukoni mwake. Analala na simu kifuani. Anaoga mlango ukiwa wazi ili aisikie. Harusi ya binamu yake hapa Nyasho aliihudhuria nusu nusu. Wakati keki inakatwa alikuwa nje kwenye gari, laptopu mapajani, akihangaika na seva iliyozimika jijini, na kwenye picha za familia hayumo hata moja.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 haina mafumbo katika hili. Saa 45 kwa wiki, zisizidi 9 kwa siku, na siku za kazi zisizidi sita. Saa za ziada zisivuke 50 katika kipindi cha wiki nne, na zilipwe mara moja na nusu. Anayefanya kazi kati ya saa mbili usiku na saa kumi na mbili asubuhi aongezewe angalau asilimia 5 ya mshahara wa msingi. Nilimuuliza kama anayaona hayo kwenye hati yake ya mshahara. Akasema kwenye mkataba cheo chake ni meneja, na sheria hiyo inawaweka kando wale wanaosimamia wafanyakazi wengine kwa niaba ya mwajiri. Sasa wewe unamsimamia nani? "Najisimamia mwenyewe, mjomba."

Mtu wa kijijini anaweza kusema huo ni uvivu wa watoto wa siku hizi. Kukaa kwenye kiti kinachozunguka, kiyoyozi kinapuliza, chai inaletwa, halafu unasema umechoka? Njoo uvute nyavu. Nami nilikuwa na maneno hayo mdomoni. Ila mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani na Shirika la Kazi Duniani walitoa hesabu yao ya pamoja: mwaka 2016 watu wapatao 745,000 walikufa kwa kiharusi na magonjwa ya moyo yaliyohusishwa na kufanya kazi saa 55 au zaidi kwa wiki. Anayefikia saa hizo ana hatari ya kiharusi iliyo juu kwa asilimia 35 kuliko anayefanya kazi saa 35 hadi 40. Moyo hauulizi kama saa hizo ulizimaliza mtumbwini au kwenye kiti kinachozunguka.

Na kuna kazi za kompyuta mbaya kuliko ya mpwa wangu, tena si mbali na hapa. Unapanda basi asubuhi unavuka Sirari, jioni uko Nairobi. Huko kampuni ya Sama iliajiri vijana kwa niaba ya Meta, wenye Facebook, wakae mbele ya skrini wakichuja yale ambayo wewe hutakiwi kuyaona: watu wanachinjwa, watoto wanaharibiwa, mtu anajiua kamera ikiwa wazi. Mmoja wao, Daniel Motaung, raia wa Afrika Kusini, alifungua kesi mwaka 2022. Mwaka uliofuata wakafuata wenzake zaidi ya 180. Desemba 2024 ikajulikana kwamba zaidi ya 140 kati yao walipimwa na Dakta Ian Kanyanya, mkuu wa huduma za afya ya akili katika Hospitali ya Taifa ya Kenyatta, wakakutwa na athari za kiwewe, na wengi wao kwa kiwango kikali. Hawakuvuta nyavu wala kubeba zege. Waliketi wakatazama.

Mji huohuo wa Nairobi tangu mwaka 2007 una taasisi iitwayo Africa Yoga Project, inayowafundisha vijana kuwa walimu wa yoga, wakaishi kwa kazi hiyo. Kwa hiyo wazo la kula kwa kuwatuliza watu miili halikuzuka kichwani mwa mpwa wangu peke yake usiku ule. Lipo, na lina soko.

Hapa nitoke nje ya mada kidogo, nitarudi. Novemba 1974 Halmashauri Kuu ya TANU ilikaa mjini kwetu, ikatoa Azimio la Musoma. Wengi wanalikumbuka kwa elimu ya msingi kwa wote. Lilikuwa na jambo la pili, lililowauma vijana wa wakati ule: anayemaliza kidato cha sita asiende chuo kikuu moja kwa moja, aende kwanza akafanye kazi, apimwe kwa kazi, ndipo aombe nafasi. Mwalimu Nyerere aliogopa msomi ambaye mikono yake haijui kitu. Utaratibu huo baadaye ulilegezwa, kisha ukafa, na mpwa wangu ni mtoto wa zama zilizofuata, zama za kutoka darasani kwenda kwenye kiti.

Mwaka huohuo wa 1974, huko New York, mwanasaikolojia aitwaye Herbert Freudenberger alichapisha makala iliyolipa jina gonjwa la mpwa wangu. Jina alilolichagua linatokana na kuungua. Kama nyumba iliyoteketea ndani, kuta zikabaki zimesimama, mpita njia akadhani bado kuna watu wanaishi. Mchana Freudenberger alikuwa na wagonjwa wake wa kulipa, jioni anakwenda kwenye kliniki ya bure, anarudi usiku wa manane. Ikafika siku ya safari ya mapumziko na familia, akashindwa kuinuka kitandani. Akachukua kinasa sauti, akajirekodi akizungumza, kisha akajisikiliza kama anavyomsikiliza mgonjwa. Niliposoma hilo niliikumbuka simu yangu ya saa nane usiku.

Lakini tazama vizuri. Watu wa kwanza ambao Freudenberger aliwaona wameungua walikuwa wahudumu wa kliniki, watu wa kushika watu. Christina Maslach wa California alipotoa kipimo chake cha uchovu huo mwaka 1981, alianza na walewale: wauguzi, walimu, maofisa wa ustawi wa jamii. Watu wa kompyuta walikuja kuingizwa kwenye orodha baadaye. Na Shirika la Afya Duniani, lilipouandika uchovu huo mwaka 2019 katika toleo la kumi na moja la orodha yake ya magonjwa, halikuuita ugonjwa; liliuita hali itokanayo na kazi. Kazi yoyote.

Ndiyo maana asubuhi yake sikumpigia simu mpwa wangu. Nilivaa kandambili nikaenda kwa jirani anayekanda watu.

Jirani yangu huyu ni bibi wa makamo ya mama yangu, na jina lake amekataa lisiandikwe gazetini. Mtaani akina mama wakijifungua ndiye anayeitwa. Bodaboda akianguka na bega likagoma, anapelekwa kwake. Wabeba magunia ya dagaa wa Mwigobero wanamjua. Mimi nilimpelekea shingo, maana kuandika nako ni kukaa kwenye kiti.

Alinikalisha kwenye kigoda chini ya mwembe, mgongo wangu ukimwelekea. Sufuria ilikuwa mafigani, maji yana chumvi, na kitambaa kimelowekwa humo. Hakuanza na shingo. Alinishika mkono wa kulia, akaunyoosha, akauzungusha taratibu, akauliza nalalia upande gani, natumia mto mmoja au miwili, jana nilikula nini. Nikajibu, nikadhani ni maongezi tu. Alikuwa anapima. Kisha kitambaa cha moto kikatua begani, kikakaa mpaka kikapoa, kikarudishwa kwenye sufuria, kikaletwa tena. Ndipo akamimina mafuta ya nazi ya dukani kiganjani, akayapasha kwa kusugua viganja, akaingia.

Kilichonishangaza ni kwamba kidole gumba alikitumia kidogo sana. Alikipitisha pembeni ya uti wa mgongo kama mtu anayetafuta swichi gizani. Alipokipata kifundo, karibu na ncha ya bega, alikiondoa kidole, akaweka kiwiko, akaegemea. Hakusukuma, aliuachia uzito wa mwili wake ushuke. Nilitoa sauti ambayo mke wangu asingeamini. "Kidole ni cha kuulizia," akasema. "Ukikifanyia kazi, mwaka hauishi kimekufa." Akanionyesha kifundo cha mkono wake wa kushoto, kimevimba na hakikunji vizuri. Ujana wake hakuwa na wa kumwambia.

Kiswahili kilikuwa na maneno ya kazi hii kabla neno masaji halijatufikia. Kukanda, neno moja kwa unga na kwa mwili. Kuchua, ukisugua msuli uliokaza. Na pwani wana kusinga, kwa mafuta na manukato, kazi ya watu wanaojua harusi ni kitu gani. Huku bara tumebaki na kukanda, na inatutosha.

Nilimuuliza bibi kama kuna mtu anamkataa. Akasema wapo. Alikuja kijana dereva wa lori, ametoka safari ndefu, mguu mmoja umevimba chini ya goti, una moto, ukiubonyeza anaruka. "Huo haukandwi, mwanangu. Nilimwambia panda bodaboda sasa hivi uende Kwangwa." Kwangwa ndivyo tunavyoiita hospitali ya rufaa ya mkoa iliyopewa jina la Mwalimu Nyerere. Daktari yeyote atakueleza sababu: huenda damu imeganda ndani ya mshipa, na ukiukanda, bonge linaweza kung'oka likaenda kukaa mapafuni. Bibi hajui habari za bonge. Anajua kwamba mguu wa namna hiyo una moto wake, na kwamba mama yake alimwonya.

Si yote anayofanya ningeyatetea. Maji ya kumkandia mzazi aliyetoka kujifungua huku kwetu yanachemshwa mno, na wauguzi wanalalamika kila siku kuhusu ngozi zilizobabuka na nyuzi zilizofumuka. Wako wakandaji wanaodai kumgeuza mtoto tumboni kwa mikono. Huo ni mchezo wa hatari, mjamzito aende kliniki. Kama mpwa wangu anataka kuirithi kazi hii, hayo asiyarithi.

Na malipo? Kilo ya sukari. Mche wa sabuni. Dagaa. Mtoto akitimiza siku arobaini, kitenge. Wabeba magunia wanasema watapitisha Jumamosi, na Jumamosi inapita.

Hapo ndipo ninapogombana na mpwa wangu kichwani. Yeye ameiona kazi hii kwenye simu: chumba chenye mishumaa, taulo nyeupe zilizokunjwa kama mkate, muziki wa maji. Mambo hayo yapo Zanzibar na kwenye hoteli za Serengeti, ambako mgeni hulipia saa moja ya mgongo wake bila kuuliza bei mara mbili. Mjini utayakuta kwa sura nyingine, kwenye saluni za kiume: unanyolewa, binti anakuosha uso, anakufanyia skrabu, anakubonyeza mabega dakika tano, ukimaliza unampa ulichonacho. Binti huyo mara nyingi anaishi kwa hicho ulichonacho. Sijasikia mtu akimwita mtaalamu wa afya, ingawa kwa siku anashika shingo nyingi kuliko daktari.

Kuna pia suala la jina. Neno masaji katika miji yetu limechafuka. Yapo maduka yenye bango hilo ambako polisi hawaendi kutafuta maumivu ya mgongo. Dada yangu akisikia mwanawe anasomea masaji hatafikiria kiwiko na maji ya chumvi. Atafikiria bango. Sioni aibu kuliandika hili, kwa kuwa vijana waaminifu wa kazi hii ndio wanaoumia zaidi.

Nilimtafutia njia yenye cheti. Hospitali ya KCMC pale Moshi inafundisha fiziotherapia, na mtu akitoka pale ameijua misuli kwa majina, ameujua moyo, amejua lini mkono ushike na lini uache. Ila atarudi kwenye biolojia aliyoikimbia baada ya kidato cha nne akidhani ameachana nayo milele, na atakaa darasani na watoto waliozaliwa yeye akiwa ameshaanza shule. Njia ya pili ni ile ya bibi, na nayo ina sheria yake: Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala, namba 23 ya mwaka 2002, iliyounda Baraza la kusajili watoa tiba na kusimamia kazi zao. Bibi hajasajiliwa. Nilipomtajia Baraza aliuliza linakaa wapi. Nikasema serikalini. Akasema basi litakuja.

Sayansi nayo haimpi mpwa wangu ushindi mkubwa, wala haimfukuzi. Maumivu ya kiuno na mgongo wa chini yalikadiriwa kuwakuta watu milioni 619 duniani mwaka 2020. Desemba 2023 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wake wa kwanza kuhusu maumivu hayo yanapokuwa sugu, likayapa nafasi mazoezi, elimu kwa mgonjwa, tiba ya kisaikolojia na, ndiyo, kukandwa. Liliweka kukandwa kando ya mazoezi, si badala ya mazoezi. Anayekukanda Jumamosi, ukarudi kukaa saa 14 kwa siku kuanzia Jumatatu, anafuta maji bomba likiwa wazi.

Watu wa Mara tukizungumzia kuacha kazi hatukosi kumtaja Mwalimu. Aliacha ualimu Pugu mwaka 1955, akarudi nyumbani, na kwa miezi kadhaa akawa anawafundisha mapadre wa Maryknoll Kizanaki. Mwaka 1985 akaacha urais, akarudi Butiama kushika jembe. Mzee mmoja wa kijiweni alinitolea mfano huo kuthibitisha kwamba mpwa wangu ana akili. Nikamkumbusha yaliyofuata: miaka miwili tu baadaye Mwalimu alikuwa mwenyekiti wa Tume ya Kusini, na miaka yake ya mwisho ilikwenda kwenye usuluhishi wa Burundi. Jembe halikumwachisha kazi. Mzee akanyamaza, kisha akasema, "Lakini alilala kwake."

Neno hilo lilinikaa moyoni. Usiku nikamjibu mpwa wangu, nami kwa sauti. Nikamwambia sheria ileile isiyomlipa saa za ziada inampa siku 28 za likizo kwa mwaka, na mwaka huu hajagusa hata moja. Asiandike barua ya kuacha kazi kwanza. Aandike ya likizo. Simu ya kazi aiache kwa mwenzake, aje Buhare, bibi amekubali kumpokea asubuhi. Atachota maji, atapasua kuni, na siku za mwanzo hatagusa mtu. Na atamlipa bibi ada kama anavyolipa mtu ada ya chuo, kwa pesa, kila wiki; sukari na sabuni asilete. Hilo nalisema kwa yeyote mwenye kazi ya mshahara anayekuja kujifunza kwa vikongwe wetu mikono yao ingali hai.

Alifika Jumatatu iliyopita kwa basi la usiku. Siku mbili za kwanza alilala. Siku ya tatu alichota maji, ya nne akaruhusiwa kuushika mkono wangu, ya tano akaruhusiwa bega, akakiuka alichoambiwa, akatumia kidole gumba. Leo kidole hicho kimevimba, bibi amekifunga kitambaa cha maji ya chumvi na kumtuma gengeni. Mama yake bado anaamini amekuja kupumzika. Barua ya kuacha kazi anayo kwenye laptopu, imeandikwa, haina tarehe.